Meza ya Tiberia kwenye jiko la bana mbili

Mama Neema wa Nakuru ananiandikia: "Mwezi wa Novemba nilikwenda hija ya Nchi Takatifu na kikundi cha kanisa letu. Hoteli tuliyolala Tiberia ilikuwa na kifunguakinywa ambacho mpaka leo nakiota: saladi chungu nzima, jibini, mayai yaliyopikwa ndani ya mchuzi wa nyanya, mikate, zeituni. Jumatatu ya Pasaka tutakuwa watu kumi nyumbani, nami nataka niwaandalie meza kama ile, saa nne au saa tano asubuhi. Nina jiko la gesi la bana mbili na jiko la makaa, oveni sina. Baba Neema anasema asubuhi bila soseji si sikukuu. Mama mkwe hali yai lenye kiini kibichi. Tahini, ile simsim iliyosagwa, madukani ni ghali mno. Nianzie wapi?"

Mama Neema, tuanzie kwenye soseji, maana ukishalielewa hilo mengine yatajipanga yenyewe. Hebu kumbuka vizuri: kwenye meza ile ya Tiberia uliona kipande chochote cha nyama? Bila shaka hukuona. Hoteli nyingi za Israeli hufuata sheria za chakula za Kiyahudi, na mojawapo imetoka katika maneno unayoyajua, kwamba mwana-mbuzi asitokoswe katika maziwa ya mama yake. Yamo mara tatu katika vitabu vya Musa, mara mbili kwenye Kutoka na mara moja kwenye Kumbukumbu la Torati, na marabi wakayapanua hata nyama na maziwa visikutane katika mlo mmoja wala katika sufuria moja. Basi mpishi anayefuata sheria hiyo hana budi kuchagua, na asubuhi huchagua maziwa. Ndiyo maana ulikuta jibini za kila namna, mayai, mtindi, na hata samaki, kwa kuwa samaki hahesabiwi kuwa nyama.

Wewe si Myahudi na hakuna sheria utakayovunja ukikaanga soseji. Lakini mlo utalemaa. Meza hii ni ya vitu vingi baridi, vyenye uchachu na ubichi, vikizunguka sufuria moja ya moto. Ukishaweka soseji, harufu yake peke yake itawavuta watu wote upande mmoja, na lile bakuli la labne, mtindi uliochujwa maji, ulilolihangaikia siku mbili litarudi jikoni limejaa. Nimeliona jambo hilo zaidi ya mara moja. Mwambie Baba Neema nyama yake ipo, ya kuchoma, jioni. Kwa asubuhi mtafutie ngege mmoja mkubwa aliyebanikwa kwa moshi, umchambue miiba, umkamulie limau na kumtupia vitunguu vilivyokatwa vyembamba. Atatulia. Wahamiaji kutoka Poland na Urusi waliweka samaki wa chumvi kwenye meza ile ile, kwa hiyo hapo hujatoka nje ya desturi.

Mlipopelekwa kwenye mto Yordani pale Yardenit, wanakobatizwa mahujaji, mlikuwa mmesimama kwenye eneo la kibbutz Kinneret. Jirani yake ni Degania, kibbutz ya kwanza kabisa, iliyoanzishwa mwaka 1910. Kibbutz ni kijiji cha ushirika wa wakulima: shamba la wote, jiko la wote, ukumbi mmoja wa kulia. Watu walikwenda shambani alfajiri kulikimbia jua, wakafanya kazi saa kadhaa, ndipo wakarudi kula, na njaa yao ilikuwa ya mtu aliyeshika jembe. Mezani kulikuwa na kile shamba lilichotoa: matango, nyanya, pilipili hoho, mayai, mtindi, jibini nyeupe, zeituni. Kila mtu alijikatia saladi yake kwa kisu chake. Hoteli zilikuja kuuchukua mlo huo na kuupamba, lakini mifupa yake ni ile ile ya wakulima.

Vyungu vya moto viliongezwa na waliohamia baadaye. Yale mayai kwenye mchuzi wa nyanya, shakshuka, yalikuja na Wayahudi wa Tunisia na Libya. Biringanya za kukaanga na yai la kuchemsha ni za Wayahudi wa Iraki. Mkate wa kubane na pilipili ya kijani iitwayo zug ni vya Wayemeni. Na ile saladi iliyokatwa ndogondogo, labne, zaatari (majani makavu ya kunyunyiza) na humusi (dengu zilizosagwa na tahini) ni vyakula vya Wapalestina na majirani zao wa Syria na Lebanoni, vilivyoliwa huko zamani kabla dola ya Israeli haijatangazwa mwaka 1948. Waisraeli wengi wenyewe huiita "saladi ya Kiarabu". Nalitaja hili kwa sababu ugomvi wa nani mwenye chakula gani ni mkali kule. Kilicho cha Kiisraeli hasa ni namna ya kuvikutanisha vyote hivi asubuhi moja, kwenye meza moja isiyo na nyama.

Jambo moja la Pasaka, ili usishangae mtu akikuuliza. Lau ungekwenda hija yako wiki ya Pasaka ya Kiyahudi, hoteli ile ile ingekupa meza bila mkate: hakuna pita, hakuna maandazi, ila mkate usiotiwa chachu tu, mwembamba na mkavu kama kadibodi. Kwa hiyo unachoandaa ni mlo wa Kiisraeli wa siku za kawaida, kwa ajili ya Pasaka ya Kikristo. Hakuna ubaya, ila usimwambie mtu kwamba Wayahudi hula hivi siku ya Pasaka.

Sasa jikoni. Bana mbili zinakutosha kabisa, kwa sababu asubuhi yenyewe gesi ina kazi ya sufuria mbili za shakshuka basi. Mengine yote, isipokuwa saladi, yawe yameisha usiku wa Jumapili.

Jumamosi asubuhi tundika labne. Chukua lita mbili za mtindi mzito usio na sukari wala ladha ya vanila (soma pakiti, maana vanila imeshawaharibia wengi), utie kijiko kimoja na nusu cha chai cha chumvi, koroga, umimine ndani ya kitambaa safi cha melimeli, funga na utundike juu ya bakuli. Nakuru si joto la Mombasa, lakini usiku uingize kwenye friji ukiwa ndani ya chujio. Baada ya saa 24 utapata kitu kama robo tatu ya kilo, cheupe, kizito, chenye uchachu safi. Mala nayo hutoa labne, ila maji yake ni mengi na utabaki na kidogo. Wakati wa kupakua, tandaza labne kwenye sahani bapa, uchore mifereji kwa mgongo wa kijiko, na umwagie mafuta ya zeituni. Hapa usibane matumizi: chupa ndogo ya mafuta mazuri ya zeituni nunua, na uitumie juu ya vitu vibichi tu. Ya kupikia tumia ya kawaida.

Juu ya labne hunyunyizwa zaatari. Ni majani makavu ya mmea wa jamii ya oregano, na wataalamu wengi wa mimea ya Biblia huuona ndio ile hisopo ya Zaburi ya 51. Huko Israeli mmea wenyewe wa porini umelindwa kisheria tangu mwaka 1977, kwa jinsi watu walivyokuwa wakiuchuma. Wewe changanya vijiko vitatu vya oregano au thaimu kavu, kimoja cha simsim iliyokaangwa, chumvi kidogo, na ganda la limau lililokunwa mahali pa sumaki, yale matunda mekundu machachu ambayo huenda usiyapate.

Tahini usinunue. Simsim imejaa tele sokoni. Inalimwa kaskazini mwa Uganda, ambako Waacholi huisaga ikawa odi, na simsim ya Humera kule Ethiopia inatafutwa sana na wasagaji tahini wa Nablus na wa Israeli. Kwa hiyo unaponunua tahini ya kopo, huenda unalipia simsim ya jirani yako nauli ya kwenda na kurudi. Pata nusu kilo ya simsim nyeupe iliyokobolewa, ipashe kwenye kikaango kikavu kwa moto mdogo ukikoroga mpaka inukie, lakini isibadilike rangi. Ikiwa kahawia tu imeshakuwa chungu. Isage ingali vuguvugu kwenye blenda, ukiongeza vijiko sita vya mafuta yasiyo na harufu, na uwe na subira: kwanza itakuwa unga, kisha matope, kisha ghafla italegea na kumiminika. Tia kwenye chupa.

Kutoka hapo kwenda kwenye mchuzi wa tahini kuna mahali watu wengi hukata tamaa. Chukua kikombe kimoja cha tahini, kitunguu saumu kilichopondwa, chumvi, juisi ya malimau mawili, kisha anza kuongeza maji baridi. Tahini itaganda. Itakuwa donge gumu la rangi ya simenti na utadhani umeiharibu. Endelea. Tahini ni mafuta yenye chembe kavu ndani yake. Maji machache hunywewa na zile chembe zikashikana, maji yakizidi ndipo yanapochanganyika na mafuta na kuwa urojo. Ukifika karibu kikombe kizima cha maji itageuka nyeupe na laini kama uji. Acha hapo.

Humusi nakushauri uiache. Najua uliila, lakini dengu nzima (zile Wahindi wanazoziita chana, si ndengu za kijani) zinataka kulainika mpaka zisagike kwa vidole. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, na bila sufuria ya presha utateketeza mtungi wa gesi. Badala yake Jumapili mchana, makaa yakiwa yamekolea, laza biringanya nne kubwa moja kwa moja juu yake. Zigeuze mpaka ngozi iungue nyeusi na biringanya iporomoke, dakika 20 hadi 25. Zichubue, ziache zitoe maji machungu kwenye chujio nusu saa, zikatekate kwa kisu (blenda hapana, huzigeuza gundi), kisha changanya na ule mchuzi wa tahini. Ule moshi wa makaa oveni ya hoteli haiwezi kuutoa. Hapo umewazidi.

Moto wa jiko ukiwa bado upo, twanga zug. Vifungu viwili vya dania, pilipili mbichi za kijani sita au nane, vitunguu saumu punje tano, iliki tatu, nusu kijiko cha chai cha jira, chumvi, mafuta kidogo. Twanga kwenye kinu, isiwe laini sana. Wayemeni huiita sahawik, na sisi wa Pwani tuliokulia karibu na majirani wa Kihadhrami hatuhitaji kufundishwa. Watoto wawekee mbali.

Mkate. Njia rahisi ni chapati zako mwenyewe, au pita za dukani ukazipasha juu ya makaa. Njia ya raha ni kubane. Wayahudi wa Yemeni hawakuwasha moto siku ya Sabato, hivyo waliuweka mkate huu Ijumaa jioni ndani ya sufuria iliyofunikwa, juu ya moto hafifu, ukalala humo mpaka asubuhi. Haukuhitaji oveni wakati ule na hauhitaji leo. Kanda kilo moja ya unga wa ngano na gramu 10 za hamira, gramu 70 za sukari, vijiko vitatu vya chai vya chumvi na maji mililita 650 hivi. Acha uumuke. Gawa madonge kumi, sukuma kila moja jembamba kama chapati, ulipake siagi laini (jumla utatumia gramu 150), likunje kama unavyokunja chapati ya tabaka, na uyapange yakigusana ndani ya sufuria nzito iliyopakwa siagi. Nyunyiza habasoda. Yakiumuka tena, funika na uoke kwa moto wa juu na chini: makaa machache chini, mengi kidogo juu ya kifuniko, kama tunavyooka mkate wa kumimina. Saa moja na robo, polepole, na usifunue kila mara. Fanya Jumapili usiku na Jumatatu uupashe. Unaliwa ukiwa umekatwa kwa mkono, pamoja na nyanya mbichi iliyokunwa na zug.

Jumapili usiku huo huo pika mchuzi wa shakshuka, maana kesho yake huwa umekolea zaidi. Kwa watu kumi: nyanya kilo mbili na nusu zilizoiva hasa, vitunguu vinne, hoho nyekundu nne, vitunguu saumu punje nane, paprika kijiko kimoja kikubwa, jira vijiko viwili vya chai, pilipili kiasi chako, mafuta nusu kikombe. Kaanga vitunguu na hoho bila haraka mpaka vilegee kabisa, dakika 15 au zaidi. Tia saumu na viungo, vikaange nusu dakika tu, kisha nyanya. Acha wazi, moto wa wastani, dakika 40. Kipimo ni hiki: pitisha kijiko chini ya sufuria, njia yake ikibaki wazi kwa muda kabla mchuzi haujairudia, tayari. Mara ya kwanza kuwapikia watu shakshuka sikujua kipimo hicho. Niliwavunjia mayai ndani ya mchuzi wa majimaji, yakazama, yakasambaratika, tukala supu ya nyanya yenye nyuzi nyeupe. Wageni walikuwa na adabu, wakasema ni tamu.

Asubuhi ya Jumatatu, saa tatu na nusu, kata saladi. Sio mapema. Hii si kachumbari. Kachumbari hukaa kwenye limau ikalainika, hii inataka ilie mdomoni. Nyanya ngumu, tango, hoho, kitunguu kidogo, vyote kwa vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi. Matango ya kule ni membamba yenye ngozi laini (aina maarufu imechukua jina la kibbutz Beit Alfa), ya kwetu yachubue na kuyakwangua mbegu, ama sivyo saladi itaogelea. Chumvi, limau na mafuta ya zeituni vitie watu wakishakaa.

Panga mezani: labne, biringanya, saladi, zeituni, samaki wa Baba Neema, jibini ya feta iliyokatwa, zug, nyanya ya kukunwa, mkate, na bakuli la jibini laini ya punjepunje ukiipata. Usiidharau hiyo ya mwisho. Mwaka 2011 bei yake ilipopanda, Waisraeli waliigomea kwa maelfu mpaka ikashushwa. Kwa utamu weka tende na kibakuli cha tahini iliyochanganywa na asali. Wanaochunguza mambo ya kale husema asali ya ile "nchi ya maziwa na asali" huenda ilikuwa ya tende, basi chemsha tende nusu kilo kwa maji lita moja, kamua kwa kitambaa, chemsha tena mpaka iwe nzito kama asali, na watoto hawatakumbuka jamu. Chai iwe ya rangi yenye nanaa. Kiebrania nayo huitwa nana, hutahitaji mkalimani.

Shakshuka iwe ya mwisho kabisa. Gawanya mchuzi kwenye vikaango viwili vipana, kimoja kila bana, upashe mpaka utokote. Chimba mashimo kwa mgongo wa kijiko, saba kila kikaango, na uvunjie mayai humo, ukilipasua kwanza kila moja kwenye kikombe ili bovu lisikuharibie kazi. Punguza moto, funika. Tiberia iko zaidi ya mita 200 chini ya usawa wa bahari na yai lao huiva kwa dakika tano au sita. La Nakuru mpe nane, hata kumi. Nyeupe ishike, kiini kitetemeke ukitikisa. Moto ukizima yataendelea kuiva yenyewe, kwa hiyo watu wawe wameshanawa mikono, na vikaango viende mezani vilivyo, juu ya mbao.

Mama mkwe umtie mayai yake mawili kabla ya wote, dakika tano mbele, kwenye kikaango kimoja upande wa mpini, ili usiyasahau ni yapi. Ukiweka kikaango mezani, mpini umwelekee yeye.